Moja Iliyoota Kiwiko

Daftari la chama, mstari wa tisa:
jina la mama, halafu 4,300.
Mama alikopa elfu moja na mia tatu,
za mbegu na nusu gunia la mbolea,
akazihesabu noti mara mbili mbele ya Mama Loisi,
mweka hazina, pale kwenye cherehani yake, soko la Luanda.
Moja imeota kiwiko.
Moja imekuwa nne.

"Wino ni mweusi juu na chini," wanachama walisema,
"na nyeusi ni nyeusi."
Mama alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja.

Nililiomba daftari kwa siku moja.
Loisi alinipa upesi kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi. Maabara ya shule yetu ya kutwa:
bomba halina maji tangu muhula jana.
Mwalimu Andayi alikuja na chupa ya jemu
na spiriti ya duka la dawa, kwa pesa zake.
"Mstari wa chini uchore kwa penseli," alisema.
"Penseli haina safari. Ukichora kwa wino,
mstari nao utapanda."

Kwa wembe nikakwangua
vumbi la mguu wa ile moja,
kisha vumbi la kiwiko.
Tone la spiriti, ncha ya njiti ya kiberiti,
nukta mbili ndogo kama mayai ya chawa.
"Weka na ya tatu, ya kulinganishia.
Kalamu yoyote unayoijua."
Nilitoa yangu mfukoni.

Tukaining'iniza karatasi, ukingo tu ukigusa spiriti,
tukafunika chupa kwa kisahani.
Spiriti ilipanda bila kusukumwa,
kama umande unavyopanda pindo la sketi
ukikata shamba la mahindi alfajiri.
Ikazifikia nukta, ikazibeba,
na weusi ukaanza kutaja ukoo wake.

Nukta ya kwanza: samawati nzito ikabaki chini.
"Hiyo inaipenda karatasi," mwalimu alisema, "haitaki kubanduka."
Juu yake zambarau, pana, basi.
Nukta ya pili: zambarau ikafuatana na spiriti hadi juu,
ikaacha njiani wekundu kidogo
na utepe wa manjano,
manjano ambayo hakuna aliyeiona ndani ya ile nne.

Kalamu mbili!
Nilikuwa nimeshainua mikono
nilipoiona nukta ya tatu.
Zambarau juu. Wekundu kidogo. Utepe.
Kimo kwa kimo na ya pili.

Mwalimu alipima kwa rula, akaandika, akapima tena.
"Kalamu hizi zinauzwa kila kibanda," alisema
bila kunitazama. "Karatasi haijui mkono."

Ni kweli, haijui.
Lakini mimi naijua Jumapili moja ya masika
baba aliponiomba kalamu, "nitie sahihi mahali,"
akairudisha jioni, kifuniko kimetafunwa,
na Jumatano pikipiki yake ikawa na betri mpya.
Nikamkumbuka Loisi akinipa daftari,
jinsi mabega yake yalivyoshuka
kama ya mtu anayetua debe la maji.

Nyumbani mama alikuwa akichambua mrenda.
"Karatasi imesemaje?"
Nje, baba aliosha pikipiki, akipiga mluzi.
"Imesema kalamu ni mbili."
Hapo ningeweza kunyamaza, na nisingekuwa nimedanganya.
Mama alingoja. Yeye anajua kungoja,
huacha tu kimya kipande
mpaka kifike kwako.

"Na hiyo ya pili?"

Niliitoa mfukoni, nikaiweka ukingoni mwa ungo,
kifuniko kikiwa upande wake.
Aliziangalia zile alama za meno, muda mrefu.
Mluzi nje ulikatika, ukaanza tena.
Kisha vidole vyake vikarudi kazini:
majani huku,
vikonyo kule.