Mwosha

Fundi Chilumba amekwisha koroga saruji,
karai limejaa, mkononi ana msumari wa kuandikia.
Anauliza: "Bibi yenu tuandike mtu wa wapi?"

Hapo ndipo pakawaka.

Mjomba Shaweji akatoa bahasha kifuani,
ndani karatasi ya nasaba, rangi ya chai iliyolala,
herufi zimefuatana kama siafu:
fulani bin fulani bin fulani,
mpaka Shirazi.
Mchwa wamekula mahali pamoja tu,
pale lilipokuwa jina la mama.

"Shirazi gani?" akacheka Bakiri wa Newala.
"Bibi aliyekula ming'oko kwa chumvi na pilipili,
akikasirika anatukana Kimakonde,
tena kile kizito, kisichotafsirika mbele ya wakwe?
Andika Newala. Saruji nalipa mimi."

Mwingine akasema ng'ambo, Mueda:
alivushwa Ruvuma mgongoni, mwaka wa njaa.
Neno "Mmawia" likapita chini kwa chini
kama sahani yenye ufa ikipitishwa kwa wageni.
Mwingine, Mmakua, ushahidi pua.
Binamu yetu mwenye miwani, yule aliyesoma,
akataja Kilwa, akataja minyororo,
akaambiwa anyamaze, kuna watoto.

Mtani wetu Myao kakaa juu ya tofali:
"Mnagombea nini? Huyu alikuwa mtumwa wa babu yangu.
Nipeni elfu tano nimwache alale."
Wakacheka. Ikatoka elfu mbili.
Ugomvi ukarudi palepale.

Hakuna aliyeniuliza mimi.

Siku arobaini zilizopita, nyuma ya shuka mbili,
ndani ya nyumba ile ya mawe inayonuka chumvi,
tulikuwa watatu: mama Asumini, Somoe,
na mimi niliyeshika kata.
Maji ya mkunazi. Kafuri.
Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto,
na tulipomgeuza
mkono wa mama Asumini ukasimama mgongoni,
ukatembea polepole, ukasimama tena,
kama mtu asomaye bila kutoa sauti.
Somoe akanitazama. Nikatazama ndoo.
"Mimina," mama Asumini akasema.
Nikamimina.

Basi wao wana karatasi, wana pua, wana vitabu.
Sisi watatu tuna kile alichokifunika kwa kanga
tangu kabla mama yangu hajazaliwa,
hata homa ilipompanda, hata joto la Desemba,
hata daktari wa Ligula alipomwambia vua.
Ulichokiona ubaoni kiache ubaoni.
Mwosha huoshwa,
na mgongo, hata mimi ninao.

"Saruji inashika," fundi akasema, "nami nina kazi Naliendele."
Hawakumsikia. Mjomba alikuwa ameanza upya,
fulani bin fulani,
Bakiri naye anahesabu vijiji kwa vidole.

Chilumba akaniinamia. "Wewe, mjukuu.
Asili waachie wao. Jina lake tu, unalijua?"
Nikamtajia.
Akaangalia lile kundi, akaniangalia mimi,
akataka kucheka, akakumbuka yuko makaburini.
Msumari ukakwaruza. Saruji ilikuwa imekwisha kaza,
I ya mwisho haikuingia sana,
lakini ukiipangusa vumbi inasomeka:

SIWAJUI.