Ngao ya Beki

Ninalipisha kwa herufi, si kwa jina.
Hapa Barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya pili,
juu ya wauza spea,
mlango ulioandikwa MIHURI NA VIKOMBE,
kila Novemba katibu wa ligi ya vyuo
hupanda ngazi akihema
na gunia la zawadi mgongoni.

Mfungaji bora ana kiatu cha dhahabu
(dhahabu ya rangi, usiikwaruze).
Kipa ana glavu ya shaba.
Beki bora wa mwaka ana ngao ya mbao,
kibati kidogo katikati,
nayo huwa ya mwisho kutoka guniani,
imelaliwa na nyingine zote.

Mwaka wa kumi na nne huu naichonga.
Mabeki wenyewe siwajui kwa sura.
Nawajua kwa urefu: Were, dakika tano;
Ong'era, ambaye katibu alimsahaulia ritifaa
nikarudia kibati kizima kwa hasara yangu.

Safari hii beki alikuja mwenyewe.
Ekidor Lokuruka, mwaka wa tatu, uhandisi,
nyusi imeshonwa nyuzi nne,
akainama mlangoni kwa mazoea.
Nikadhani anakuja kuhakiki tahajia.
Akaigeuza ngao,
akaupapasa mgongo wake mtupu.
"Huku nyuma ni bei gani?"

Nikamwambia nyuma hakuna anayesoma.

"Najua. Andika Mutinda."

Mutinda alisimama kulia kwake misimu miwili.
Hakumtazama sana, alisema;
kona ikipigwa nani ana muda wa kumtazama mwenziwe?
Alimsikia tu:
geuka, toka, mwachie, wangu huyo.
Muhula wa pili karo ikagoma.
Sasa Mutinda anapakua saruji Athi River.
"Na mechi tisa zilizobaki," akasema,
"kuna mipira niliyoiondoa
kwa sababu mtu alinipigia kelele kutoka kulia,
na kulia hapakuwa na mtu wa kupiga kelele.
Alikuwepo mtoto wa mwaka wa kwanza,
bubu kwa woga."

Stima ikapotea, kama kawaida ya saa kumi.
Nikaisogeza ngao dirishani,
nikachukua kalamu ya chuma.
Mbao si kibati, mbao ina nyuzi zake,
na ile D ilinitoka imepinda kidogo.
Akasema iache hivyo, Mutinda mwenyewe ana matege.

Herufi saba kwa shilingi thelathini.
Alihesabu mia mbili na kumi, nyingi sarafu.
Nilizipokea zote.
Mwenye nyumba naye hunilipisha kwa mwezi,
si kwa huruma.

Jumamosi watampigia makofi.
Picha zitapigwa upande wa kibati,
kisha mtu wa chuo ataleta msumari,
ataitundika ngao karibu na ofisi ya michezo,
na zile herufi saba zitabaki huko nyuma,
pua kwa pua na ukuta,
zimeukaba.