Sifuri Sita

Nililinunua Oulu, jekundu, dogo kama kiatu cha shule,
mwaka uleule niliopata cheti cha ufundi wa piano.
Muuzaji akatazama sanduku langu la spana, akanitazama mimi:
"Hili ni la mjini, dada. Si la huko kwenu."

Huko kwetu ni Savukoski.
Piano moja hadi nyingine ni saa mbili za msitu,
na kulungu wa kaskazini wamesimama katikati ya lami
kana kwamba wanasubiri risiti.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Taisto wa gereji hakusema hivyo, hakuwa mtu wa maneno.
Alinirushia daftari lenye alama za vidole vya grisi, na kalamu.
Basi nimeandika:
oili, kila elfu saba na mia tano, hata mwezi wa kukopa mkate;
mkanda wa injini, mara kumi na mbili;
klachi, nne;
mume, mmoja. Aliteremka Kajaani
kwenye laki tatu na elfu kumi na mbili,
akidai kiti chake kinapitisha baridi.
Kilikuwa kinapitisha.
Nilikitengeneza baadaye.

Watu huniuliza siri. Siri gani?
Nyuzi thelathini chini ya sifuri nje,
nyuzi mia mbili na ushei ndani ya piano:
zote hazitaki pupa.
Chomeka waya usiku, injini ipate joto
kama mgonjwa anyweshwavyo uji, kijiko kwa kijiko.
Asubuhi washa, halafu keti. Usikanyage.
Kikohozi cha kwanza ni cha usingizi.
Cha pili ni cha plagi.

Kutu haibishi hodi. Hupanda na chumvi ya barabara,
hukaa chini ya zulia, hula polepole kama riba.
Sakafu ya upande wa abiria sasa ni bati
la jiko la sauna ya mama.
Taisto alilichomelea amelala chali,
cheche zikimdondokea ndevuni, naye akipiga mluzi.

Joonatan wa ukaguzi alizaliwa gari likiwa na laki sita.
Kila Machi huligonga ubavu kwa kinyundo,
mgongo wa mtu anayetafuta ubovu, naujua kwa sikio.
Mwaka huu aligonga. Akanyamaza. Akarudia.
"Linapita," akasema,
kama aliyefungwa karata na bibi yake.

Mita ina tarakimu sita tu.
Waliolitengeneza hawakuniwazia.
Nilijiandaa: kahawa kwenye chupa, keki ya iliki,
nikapanga kutambaa hadi darajani
nizione tisa zote sita zikipinduka kwa pamoja.
Nilitaka Taisto awepo. Tulimzika Septemba.

Zilikuwa zimebaki kilomita tisa
niliposikia kitu chembamba, nyuma, kushoto.
Nikazima redio. Nikazima feni.
Nikashusha kioo, baridi ikaingia na meno yake.
Nikikata kulia, inapanda. Nikikata kushoto, inanywea.
Noti ya la, iliyozama kidogo, ikisema la,
la, la, ndani ya gurudumu.
Beringi.
Nikaifuata kwa sikio kama mwizi anavyofuatwa uani,
misonobari ikipita, daraja likipita,

na nilipoinamisha macho
mita ilisoma sifuri tano na nne.

Nilicheka peke yangu hadi kioo kikapata ukungu.
Nikaegesha. Nikala keki, makombo yakiangukia bati la mama.
Nikafungua daftari nikitaka kuandika jambo kubwa,
kalamu ikagoma kwa baridi, nikaipulizia,
nikaandika:

Beringi, nyuma kushoto. Kabla ya Jumatano.
Kilomita: 4.