Siku ya Tisa

Mvua ya Hull inagonga dirisha.
Nimetandaza ramani ya Shanghai mezani,
juu ya makombo ya mkate.

Suzhou, nusu saa kwa treni ya kasi: tutaenda.
Hangzhou, saa moja, tulizunguke ziwa kidogo,
usiku utukute nyumbani.
Zhujiajiao ina madaraja ya ngazi;
magoti yangu nayo yana maoni yao.

Mwanahawa anacheka kwenye simu:
“Mama, miaka kumi na tisa hapo,
hata Withernsea hujafika!”

Kweli. Na basi lake hupita mlangoni.

Siku nane nimezijaza kwa wino.
Ya tisa naiacha nyeupe:
nikae kitandani kwake, nimsuke,
tukose treni zote.