Fua kwa Maji Baridi

Mimi ndiye dobi wa timu, hapa Grimsby,
daraja la chini kabisa linaloandikwa gazetini.
Jumamosi wanacheza, Jumapili nalaani matope.
Kwa hiyo nikisema namjua Preben Lauridsen
nasema kwa kipimo changu: soksi zake
alizikunjua mwenyewe kabla ya kuzitia kapuni.
Miaka kumi na saba kazini, sijaona kocha wa pili.

Mara sitini na moja aliichezea Denmaki.
Beki wa kati. Kwetu Tanga wangemwita kisiki,
maana mshambuliaji alikuja mbio, akaondoka akichechemea,
na refa hakuona la kupulizia filimbi.
Mabao? Mawili.
La kwanza kwa kichwa, siku ya mvua.
La pili alijifunga.

Hilo la pili ndilo wanalolikumbuka.
Dakika ya themanini na tisa, krosi nyepesi,
kipa kishapaza sauti, mguu haukusikia.
Kiangazi kile timu ya taifa ikabaki nyumbani.
Hatari ngapi alikuwa amezizima kabla ya hapo?
Nani anahesabu. Fundi wa kuziba ufa
hapigiwi makofi kwa ukuta ambao haukuanguka.

Goti likamstaafisha, akaja huku
kwenye samaki wa kugandishwa na upepo usio na adabu.
"By," aliniambia, "kwetu maana yake ni mji.
Grimsby, Utterby, Irby, Barnoldby,
majina haya waliyaacha babu zangu.
Wao walikuja na mashoka.
Mimi nimekuja na mkataba wa mwaka mmoja."

Mazoezini aliwapanga mabeki wanne,
akawafunga kamba viunoni, huyu hadi huyu,
kama mbuzi wa mnadani.
Wiki mbili walikuwa wakiangushana, wakitukanana.
Ya tatu kamba ikalegea, na wakasogea
kama mlango mmoja kwenye bawaba zake.
"Usitazame mpira," akasema, "wala miguu. Miguu hudanganya.
Tazama kiuno. Kiuno hakijui kuficha safari."

Mwezi wa nne tulihitaji sare tu, tusishuke.
Dakika ya themanini na nne
Jarrod Blow, miaka kumi na tisa, masikio mekundu kwa baridi,
akanyoosha mguu kuokoa
akaupeleka wavuni kwake.
Uwanja ukanyamaza, kisha haukunyamaza.
Kocha hakurusha chupa. Alitazama saa.

Nilimkuta kijana chumbani kwangu, nyuma ya kikaushio,
uso ndani ya taulo.
Kocha akaingia, akapindua ndoo, akaikalia.
Nikazima mashine, nikasubiri maneno makubwa.
Hayakuja.
"Usiku ule," akasema, "nilikula tambi. Sahani mbili.
Nilikuwa na njaa, hilo ndilo lililonishangaza."
Jarrod akacheka hadi kamasi zikamtoka.
"Haya, inuka. Nina njaa hata sasa."

Jumanne wakamfukuza. Barua ya mistari minne.
Jumatano akaja na mfuko wa plastiki:
jezi nyekundu, namba nne,
udongo wa miaka kumi na minne umeganda ubavuni.
"Ifue."
Nikamwuliza, maji ya moto au baridi?
"Dobi ni wewe."

Niliiloweka mara tatu.
Maji yakatoka rangi ya chai, kisha rangi ya shaba,
kisha maji.
Doa moja la pindoni limekataa, na mimi nikaliacha.
Matope ya zamani ukiyalazimisha, kitambaa ndicho kinachokubali kwanza.

Hakurudi kuichukua. Namba yake haipatikani.
Wengine wanasema yuko Kanada, anafundisha watoto,
wengine wanasema amenunua duka la rangi.
Mpira unadunda, siwezi kuapa.
Jezi iko kwenye kabati la sabuni, nimeikunja.

Na Jumatatu hii, msimu mpya, ligi ya chini zaidi,
Jarrod Blow amepita mlangoni bila salamu,
haraka zake zile zile,
akatupa soksi kapuni.

Nimezitazama.
Amezikunjua.