Rasimu ya Tatu

Ilirudi na wino wa kijani.
Daktari Zawena hautumii mwekundu; asema unatisha,
na mtu akiogopa haandiki.
Ila kijani chake nacho kina meno.

Nilikuwa nimeandika:
"Inaaminika kuwa wadau wasio rasmi
katika mnyororo wa usambazaji wa rasilimali ya maji
wana mchango usiopuuzika."
Pembeni, kwa herufi ndogo: Nani kasema?
Chini yake: Wadau ni kina nani? Hawana majina?

Nikakaa maktabani Tudor hadi feni zikazimwa,
nimevimba. Si ndivyo waandikavyo wasomi?
Sentensi ndefu kama foleni ya feri,
kitenzi kiko ng'ambo, hakijavuka.

Nyumbani Majengo, saa mbili kasorobo,
baba alikuwa akikaza gurudumu la mkokoteni.
Mitungi ishirini, mitupu, imefungwa kwa mpira.
Wadau.
Nilicheka mpaka akauliza nina nini.

"Baba, maji wayateka wapi?"
"Yategemea. Mfereji wa Bondeni ukitoka,
maji baridi. Usipotoka, kisima cha Mzizima,
nacho kimeingia chumvi tangu mwaka juzi.
Wateja watatu wamenihama kwa ajili ya chai."
"Chai ina nini?"
"Maziwa yakatika."

Nikachukua daftari. Akanisubiri nimalize neno
kama asubirivyo mtungi ujae,
mkono mbali na koki.

Wiki mbili nilizunguka na wenzake.
Kisha nikafuta kurasa nne.
"Inaaminika" ilikwenda. "Ni dhahiri kwamba" ikafuata;
kumbe haikuwa dhahiri, nilikuwa sijauliza.
"Hivyo basi" nimebakisha mbili, zina kazi.
Nikaandika: Wasukuma mikokoteni wanane kati ya kumi na mmoja
walipoteza wateja kisima kilipoingia chumvi.

Kijani kilirudi kimepungua.
Kando ya sentensi ile, alama moja ya vema,
halafu: Ukurasa wa saba bado unajificha.

Kwenye marejeo, kwa mpangilio wa alfabeti,
baada ya Kaunti, kabla ya Wizara:
Mwachirumu, H. Mahojiano. Majengo, 14 Mei.

Baba alilisoma kwa kidole, taratibu,
akataka kujua kwa nini Hamadi
imekatwa ikabaki herufi moja.
Nikamwambia ndiyo kanuni.

"Nani kasema?"