Utenzi wa Paka Aliyesahauliwa

Sitaki wino wa Shamu,
wala khati na kalamu,
rimoti ndiyo muhimu,
nipe, saa imefika.

Moja unusu jioni,
Lamu, mtaa Langoni,
wasichana mikekani
tisa wamejipachika.

Kuna chuo cha uchawi,
hesabu hazitakiwi,
adhabu haitolewi,
ni kupaa na kuruka.

Shujaa nywele za singa,
rangi yake kama unga,
kijiti chake apunga,
joka zima laanguka.

Ana mwenzake, Tamira,
mweusi, mwenye busara,
hubeba kapu na dira,
na akichekwa, acheka.

Somoe, wa kaka yangu,
nywele zake kama zangu,
na kitana, ole wangu,
meno yote hukatika.

Kumuona Jumatatu
akawaruka watatu:
“Shangazi, yule ni wetu!”
na kioo akashika.

Kufika siku ya pili
shujaa, hana akili,
akakosea kauli:
Tamira akawa paka.

Tulicheka, sikaidi,
tukasema, “Atarudi,
shujaa ana ahadi,
kesho atabadilika.”

Kesho kukawa na ngoma,
keshokutwa penzi, homa,
Somoe akitazama:
bado Tamira ni paka.

Na somo likatolewa:
mnyonge kutoonewa
na mgeni kupokewa
(mlangoni kuna paka).

Mwisho kukaja karamu,
keki, taa, tabasamu,
hesabu haijatimu,
Somoe akatamka:

“Wamesahau, jamani!
Tamira yu wapi, kwani?
Mwandishi kalala nini?
Au hakumkumbuka?”

Nikamwambia, “Mwanangu,
ni mchezo wa kizungu,
usilete malimwengu,
paka ni paka. Pumzika.”

Kitandani nikawaza
mangapi nimeyameza,
wetu wakitiwa giza,
nami kimya, nikicheka.

Asubuhi nikamwona
sokoni, pono wa jana
mkononi, haya hana,
akiita kila paka.

Na Lamu paka ni jeshi,
wa majivu na wa moshi,
shingo ndefu, hawaishi,
hakuna wa kuitika.

Ila mmoja, mweusi,
ana jeraha, mwepesi,
akamjia kwa kasi,
mapajani kajiweka.

Jana kaomba kalamu,
wino, karatasi ngumu,
Tamira apewe zamu,
na mwanzo ameandika:

“Paka hakuwa ghafili,
alisikia kauli,
akaijua asili
ya neno la kugeuka.

Akasema peke yake,
pasi fimbo ya mwenzake,
zikarudi nywele zake,
hakuna aliyecheka.”

Hapo wino ukaisha,
runinga nanyamazisha,
na Somoe anakesha,
anamsomea paka.